Mfalme wa Mvita Aliyevaa Msalaba

Watu wa Changamwe waingiao kisiwani kwa kazi zao hupita Makupa kila siku, wala si wengi wakumbukao ya kuwa mahali pale palikuwa kivuko. Maji yalipokupwa, mtu aliweza kuvuka kwa miguu toka bara mpaka kisiwani. Kwa sababu hiyo Wareno walijenga hapo vingome vidogo vya mawe, wakaweka askari wa kulinda njia.

Msomaji aweza kuuliza: Wareno hao, waliotoka pembe ya mwisho ya Ulaya, safari ya miezi mingi baharini, walikuwa wakitafuta nini hata wakahitaji kulinda njia ya miguu ya Makupa? Vitabu vya skuli hujibu kwa neno moja, biashara. Jibu hilo ni kweli, ila ni nusu. Nusu iliyobaki yafaa kutafutwa katika Ulaya ya zama za kati, yaani ile miaka elfu moja hivi toka kuanguka kwa dola ya Rumi ya magharibi mwaka 476 mpaka karibu na mwaka 1500. Sisi tuliosoma skuli za misheni tuliyakariri mambo hayo kwa ajili ya mtihani, majina ya wafalme na miaka ya vita, tukadhani ni habari za watu wa mbali. Kumbe zilikwisha fika Mombasa zamani, zikamwua mfalme mmoja na kumpoteza mwanawe.

Dola ya Rumi ilipovunjika, hapakuwa tena na serikali yenye nguvu ya kulinda watu. Basi mtu mdogo alimwendea mkubwa. Alipiga magoti mbele yake bila silaha, akaweka viganja vyake viwili katikati ya viganja vya bwana, akaapa kuwa mtu wake. Bwana naye alimpa ardhi, pengine shamba, pengine wilaya nzima, akaahidi kumlinda na kumhukumu kwa haki. Mfalme alikuwa bwana wa mabwana. Chini yake walikaa makabaila wakubwa. Chini yao askari wa farasi. Na chini ya wote walikuwa wakulima, wengi wao watwana wasioruhusiwa kuliacha shamba walipozaliwa.

Jambo moja na tuliangalie hapa, maana tutalihitaji mbele. Kiapo kile kilikuwa na pande mbili. Aliyeapa alifungwa nacho, na aliyeapiwa alifungwa pia. Bwana akimdhulumu mtu wake, akimnyang'anya haki yake au kumwua bila hukumu, fundo limefunguka. Makabaila wa Uingereza walimlazimisha Mfalme John kuitia muhuri Hati Kuu mwaka 1215 kwa hoja hiyo hiyo, na katika hati ile iliandikwa kwamba mtu huru hatafungwa wala kunyang'anywa mali yake ila kwa hukumu ya wenzake au kwa sheria ya nchi.

Juu ya jengo hilo lote lilikaa Kanisa. Mfalme alitawala mwili wa mtu, lakini Baba Mtakatifu wa Roma alidai uwezo juu ya roho, na mwenye roho za watu mkononi aweza kuvifungua hata viapo. Mwaka 1076 Papa Gregori wa Saba alimtenga na Kanisa Henry wa Nne, mfalme wa Wajerumani, akatangaza ya kuwa raia zake hawakufungwa tena na kiapo cha kumtii. Makabaila wakaanza kumkimbia. Mwezi wa Januari mwaka uliofuata, mfalme yule alivuka milima ya Alpi, akasimama siku tatu katika baridi nje ya ngome ya Canossa, amevaa nguo za mwenye kutubu, mpaka Papa akakubali kumsamehe.

Nguvu hiyo ya Kanisa ndiyo iliyozaa Vita vya Msalaba. Papa Urbani wa Pili aliwahutubia watu Clermont, nchini Ufaransa, mwaka 1095, akawataka askari wa Ulaya waache kupigana wao kwa wao, waende kuitwaa Yerusalemu. Waliitwaa mwaka 1099, wakawaua Waislamu na Wayahudi wengi waliokuwa ndani ya mji. Salahuddin aliirudisha mwaka 1187, na mji wa mwisho wa Wazungu katika nchi zile, Akka, ulianguka mwaka 1291. Wengi hudhani ya kuwa mambo yaliishia hapo. Katika Ureno hayakuishia.

Ureno yenyewe ilizaliwa katika vita hivyo. Mji wa Lisbon ulitwaliwa kutoka kwa Waislamu mwaka 1147, kwa msaada wa wapiganaji wa Msalaba kutoka Uingereza, Flanders na Ujerumani waliokuwa njiani kwenda Palestina. Palikuwa na vyama vya askari watawa, watu walioweka nadhiri kama mapadre na huku wakibeba upanga. Kilichokuwa mashuhuri kuliko vyote ni kile cha Hekalu. Papa alikivunja mwaka 1312, lakini mfalme Dinis wa Ureno hakutaka mali na askari wake vipotee, kwa hiyo mwaka 1319 kikaundwa kingine cha kurithi mali hiyo, nacho kikaitwa Chama cha Kristo. Tangu mwaka 1420 msimamizi wake alikuwa Henry, mwana wa mfalme, yule aliyetuma merikebu kuteremka pwani ya magharibi ya Afrika. Mapato ya Chama yalisaidia kugharimia safari hizo, na msalaba mwekundu wa Chama ulichorwa katika matanga. Msomaji autie moyoni msalaba huo.

Na Mombasa ilikuwaje wakati huo? Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika hapa mwaka 1331, akalala usiku mmoja kabla ya kuendelea Kilwa. Aliandika ya kuwa watu wake ni wacha Mungu, wa madhehebu ya Shafii, na misikiti yao imejengwa kwa mbao kwa ustadi. Aliona ndizi na ndimu. Aliona tena jambo ambalo kila mwenyeji wa Likoni na Kisauni alijua bila kuambiwa na msafiri: kisiwa hakikulima nafaka ya kukitosha, na chakula chake kililetwa kutoka nje. Mji ule haukuweza kuishi kwa kuwadharau watu wa bara. Jumbe wa Mvita hakuwa na jeshi la kuwashinda. Alikuwa na nguo, udugu, ndoa na ahadi. Hata ile miji kumi na miwili ya Waswahili wa Mombasa, yaani Tisa Taifa na Thelatha Taifa, imefungamana tangu zamani na Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wagiriama na wenzao kwa mapatano. Nao Wachangamwe, walio mmoja wa Thelatha Taifa pamoja na Wakilindini na Watangana, jina lao hata leo ni jina la mahali pa bara.

Sasa tuyakutanishe mambo haya mawili. Mwaka 1455 Papa Nikolasi wa Tano alimpa mfalme wa Ureno kwa hati haki ya kuziteka nchi za wasio Wakristo katika njia ya kusini, na mwaka 1494 Ureno na Hispania ziligawana bahari za dunia kwa mapatano ya Tordesillas. Hapana mtu wa Mvita aliyeulizwa. Wareno walikuwa pia wakimtafuta mfalme Mkristo aliyesemwa katika Ulaya tangu karne ya 12, Padre Yohane, waliyemdhania yuko Uhabeshi au karibu nayo, wapate kuungana naye na kuwazunguka Waislamu kwa nyuma. Basi Vasco da Gama alipotia nanga nje ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, alikuwa mfanyabiashara, na alikuwa pia mtu wa vita vilivyoanza Clermont miaka mia nne kabla yake. Hakuaminiana na Mombasa. Akaenda Malindi, akapokewa vizuri. Mwezi wa Agosti 1505 Francisco de Almeida alirudi na kundi la merikebu, akauteka mji na kuuchoma moto, ijapokuwa wapiga mishale kutoka bara walikuja kuusaidia. Mfalme wa Mombasa alimwandikia mwenzake wa Malindi barua ya kumweleza maangamizi yale. Nuno da Cunha aliuchoma tena mwaka 1529.

Mombasa haikukubali kutawaliwa mpaka mwaka 1589, nao ulikuwa mwaka mbaya sana. Waturuki wa Mir Ali Bey walikuwa kisiwani. Wareno wakaja kwa bahari. Na Wazimba, watu wa vita waliopanda kutoka kusini, wakasimama ng'ambo ya Makupa. Wareno walipowashinda Waturuki, waliwaachia Wazimba njia. Wakavuka pale pale kivukoni, wakaua watu ovyo. Baada ya hapo mji uliochoka ukapewa Sheikh Ahmad wa Malindi, rafiki wa Wareno, naye akahamia Mvita. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu kwa ramani ya Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, na watawa wa Mtakatifu Augustino wakafungua nyumba yao mjini mwaka 1597.

Hapa ndipo mambo ya zama za kati yaliposimama juu ya udongo wa Mombasa. Katika Ulaya yenyewe ukabaila ulikuwa umekwisha kupungua nguvu. Tauni kubwa ya mwaka 1347 hata 1351 iliua theluthi moja ya watu au zaidi, na wakulima waliobaki wakapata kudai ujira. Lakini Wareno walipotaka kumweka mfalme wa Mvita chini yao walitumia desturi ile ile ya kale. Sheikh alikuwa mtu wa mfalme wa Ureno, mwenye heshima na cheo, na sehemu ya ushuru wa forodha ilikuwa haki yake. Alitii, na kwa utii wake alistahili kulindwa. Ndivyo ilivyokuwa katika karatasi. Katika Ngome alikaa kapiteni aliyenunua au kupewa cheo kwa miaka michache tu, mwenye haraka ya kutajirika kabla muda wake haujakwisha, na Lisbon ilikuwa mbali. Sisi tukaao maofisini twajua ya kuwa hati njema mikononi mwa mtu mwenye haraka haina nguvu nyingi.

Sheikh Ahmad alifuatwa na mwanawe, Hasan. Huyu aligombana na kapiteni, wakashitakiana kwa mkubwa wa Wareno aliyekaa Goa, Bara Hindi. Hasan alipoona maisha yake yamo hatarini, alivuka bara akakimbilia Rabai, nyuma ya Changamwe. Kumbe nguo za Wareno zilikwisha mtangulia. Wenyeji wake walilipwa, wakamwua mwaka 1614, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mfalme aliyeapa utii aliuawa bila kesi wala hukumu, na watumishi wa yule yule aliyemwapia.

Aliacha mtoto wa kiume wa miaka kama saba, jina lake Yusuf. Wareno walimchukua Goa, wakamtia mikononi mwa watawa wa Mtakatifu Augustino. Humo alikua. Alijifunza Kireno, dini ya Kikristo na kazi ya silaha, akabatizwa kwa jina la Dom Jeronimo Chingulia. Tena alifanywa askari wa Chama cha Kristo. Msalaba ule wa matanga, uliorithiwa kutoka kwa askari wa Hekalu, sasa ulivaliwa na mjukuu wa Sheikh Ahmad. Sidhani kama mfalme Dinis mwaka 1319 aliota jambo la namna hii.

Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa kuwa mfalme, kijana wa miaka kumi na tisa hivi. Tufikiri hali yake. Watu wake Waislamu walimwona amekuwa Mreno, anakula na kuvaa kama Wareno, na mkewe Mkristo. Wareno nao walimwona ni mtu mweusi mwenye taji, na kapiteni aliyekuwa Ngomeni, Pedro Leitão de Gamboa, hakumpa heshima aliyostahili mtu wa cheo chake. Alikuwa askari wa Chama ambacho makabaila wa Ureno walikitamani, na hapa mjini alidharauliwa na watu ambao kwao wasingalikuwa na kitu. Huko Ulaya askari wa farasi akidhulumiwa aliweza kusimama barazani mbele ya wenzake akadai haki. Yusuf angesimama mbele ya nani?

Baba yake alikuwa na kaburi, naye alikuwa akienda huko kwa siri usiku, akimwombea kwa desturi ya Kiislamu. Akaonekana. Habari ikafika kwa kapiteni, na kapiteni akaazimia kumkamata na kumpeleka Goa. Goa palikuwa na baraza la Kanisa la kuchunguza imani za watu, lililowekwa mwaka 1560, na Mkristo aliyebatizwa akirudia dini ya Kiislamu hukumu yake ilijulikana. Baraza hilo nalo lina asili yake katika zama za kati, katika karne ya 13.

Yusuf hakungoja. Mwezi wa Agosti 1631, siku za sikukuu ya kupalizwa Bikira Maria, aliingia Ngomeni na watu wake kama mtu aendaye kumwamkia kapiteni, akamwua kwa mkono wake. Mji ukawashwa moto. Wareno waliokimbilia nyumba ya watawa walizingirwa siku chache, na wapiga mishale wa bara walikuwa upande wa mfalme. Walipotoka waliuawa.

Mambo yaliyofuata haifai kuyaficha kwa kutaka kumsifu Yusuf. Waliokufa hawakuwa wanaume wenye silaha tu. Walikuwemo wanawake na watoto. Wala hawakuwa Wareno tu. Walikuwemo Waafrika waliokuwa wamebatizwa, wasiokuwa na ngome wala cheo, wakaambiwa wachague kuacha dini yao au kufa, na wengine wakachagua kufa. Jumla yao yapata 300. Kanisa lilichukua ushahidi huko Goa kwa nia ya kuwatangaza kuwa mashahidi wa imani. Mtu akiuhesabu udhalimu wa mwaka 1614 na asiuhesabu huu, mizani yake ni mbovu.

Wareno walirudi kwa nguvu Januari 1632, merikebu nyingi na askari mamia. Yusuf alisimama ndani ya Ngome waliyoijenga wao, kwa mizinga yao na kwa ujuzi waliomfundisha wao, akawashinda. Mwezi wa Machi waliondoka. Lakini alijua watarudi, na mji mmoja hauwezi kupigana na dola. Mwezi wa Mei aliharibu Ngome kadiri alivyoweza, akapakia mizinga katika merikebu aliyowanyang'anya, akaondoka. Aliishi kwa kuwinda merikebu za Wareno, akafa pwani ya Bahari ya Shamu yapata mwaka 1638. Mvita haikumwona tena.

Je, Yusuf alikuwa mwasi? Katika karatasi za Wareno ni mwasi na murtadi, na kwa sheria za Kanisa lao hawakukosea kumwita murtadi. Lakini neno mwasi latupasa kulipima kwa mizani yao wenyewe. Watu waliofundisha ya kuwa kiapo kina pande mbili, na ya kuwa bwana amwuaye mtu wake bila hukumu amelikata fundo kwa upanga wake, watu hao walikuwa wamelikata Rabai mwaka 1614. Kwa ubatizo mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa mtoto wa miaka saba aliyechukuliwa na waliomwua baba yake hana pa kukataa. Kanisa lenyewe lilifundisha ya kuwa mtu mzima asilazimishwe kubatizwa. Mimi naona ya kuwa kiapo chake cha utii kilifunguliwa na wengine. Damu ya Agosti, hiyo ni yake mwenyewe.

Baada ya Yusuf, Wareno hawakumweka mfalme mwingine Mombasa. Ukabaila wa karatasi ukaisha, akabaki kapiteni peke yake. Mmoja wao, Francisco de Seixas de Cabreira, aliitengeneza Ngome na kuandika juu ya lango maneno ya kujisifu jinsi alivyoiadhibu miji ya pwani; maandishi hayo yapo hata leo, na kila mgeni aingiaye hupita chini yake. Waliendelea kuwalipa watu wa bara nguo ili njia ya Makupa iwe salama na nafaka ifike mjini, kama walivyofanya majumbe wa kale ambao Wareno waliwadharau. Waarabu wa Omani waliizingira Ngome tangu Machi 1696, wakaingia Desemba 1698, na Wareno waliporudi mwaka 1728 hawakudumu hata miaka miwili.

Aketiye ufukoni upande wa Kisauni huiona Ngome ng'ambo ya maji. Ilikuwa jela tangu mwaka 1895 hata 1958, ikafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 ikaandikwa katika urithi wa dunia. Ndani yake Wareno walikuwa na kanisa, na kanisa kwa lugha yao ni igreja. Watu wa Mvita walilisikia neno hilo kwa masikio yao, wakaliita jengo zima gereza. Siku hizi wafungwa hupelekwa Shimo la Tewa, upande wa bara, mbele ya Kisauni, mahali ambapo Mreno hakujenga kitu, nako pia huitwa gereza.